Mpangaji wa Kwanza wa Fagaloto

Mwaka ule watoto wa kijiji cha Fagaloto walikuwa na kitendawili kimoja tu, wakitegana njiani, shuleni, hata wakiwa baharini wanaogelea: nyumba kubwa, ina geti, ina taa, ina bomba, vyumba tele, na hapana anayetaka kuhamia. Hakikuwa kitendawili tena, maana hata mtoto ambaye hajaota meno angekitegua. Ni makaburi ya serikali, yale ya kule juu mlimani.

Lagimaina alikisikia kila asubuhi akipanda mlima na ndoo zake, na kila asubuhi alitabasamu kidogo, kwa sababu maji yenyewe alikuwa anakwenda kuyachota huko huko makaburini.

Fagaloto walishazoea zawadi za serikali. Waliwahi kuletewa taa za kuongozea magari, zikasimikwa mahali ambapo wavukaji wakubwa ni nguruwe. Wakaletewa boti ya kubebea wagonjwa, haina injini; injini yake ilikwenda kisiwa kingine, ambako hakukuwa na boti. Lakini hayo makaburi yalipita yote. Walikuja wataalamu wakapima ardhi, wakasema bahari inapanda, na tena si afya watu kuzika maiti mbele ya nyumba, karibu na wanapolala na kula. Hakuna aliyewabishia. Walipikiwa kuku, wakapewa mikeka ya kukalia, wakaondoka wakidhani wamekubaliwa.

Sasa mtu wa Fagaloto umwambie asizike mbele ya nyumba, si sawa na kumwambia asipumue? Kaburi la baba ndilo kibaraza cha mtoto. Watu hukaa juu yake wakimenya magimbi, huanika nguo, humsimulia marehemu habari za siku. Na kaburi ndilo linalosema ardhi hii ni ya nani. Nyumba isiyo na mtu wake chini ya udongo, siku yoyote atatokea binamu kutoka mjini aseme kiwanja ni chake. Serikali haikuwa mgeni wa jambo hilo. Waziri mwenyewe, makatibu wake, mpaka dereva wake, wote walikuwa wamewazika wazazi wao mbele ya nyumba. Ila fedha za wafadhili zilikuja kwa jina la makaburi, na yasipojengwa zinarudi zilikotoka. Basi yakajengwa.

Yalijengwa vizuri, hilo lazima lisemwe. Ukuta wa mawe, geti la chuma, majani laini kama zulia, taa zinazokula jua mchana na kuwaka usiku, choo cha wageni, na bomba la maji lililovutwa kutoka chemchemi ya mlimani, likaishia pale pale. Kijiji, kilichokuwa chini kidogo tu, hakikupata hata tone. Tangi lake lilipasuliwa na kimbunga na halikuwa limetengenezwa. Kwa hiyo walio hai wakapanda kwa wafu. Wanawake walichota maji na kufulia humo, vijana wakacheza mpira juu ya yale majani, na wanafunzi wakasoma chini ya zile taa. Manuele, kijana mnene aliyeajiriwa kulinda, aliwaachia wote kwa sahani ya magimbi na tui. Alikuwa mwoga wa mizimu, na alimshukuru Mungu kwamba katika makaburi yake hakukuwa na mtu.

Hali ilikaa hivyo mpaka ikatangazwa kwamba waziri anakuja kuyafungua.

Wakati huo mume wa Lagimaina, mzee Pelenato, alikuwa amelala tu. Kisukari kilishamchukua mguu mmoja, ukakatwa hospitalini, na Lagimaina akauleta nyumbani ndani ya sanduku la biskuti, ukazikwa mbele ya nyumba kwa sala fupi. Aliupandia maua. Pelenato alikuwa akiegemezwa kwenye nguzo ili autazame mguu wake, kisha humtegea mkewe: nani ana kaburi na bado anakunywa kakao? Lagimaina humjibu kila mara kwamba ni mzee mmoja mvivu anayemfahamu. Walikuwa wamekubaliana siku nyingi. Pale kwenye mguu ndipo atakapolala mzee mzima, na pembeni yake, upande wa mlango, atalala Lagimaina. Mtoto wao Iakopo, aliyekuwa anafanya kazi ng'ambo, akirudi atakuta wazazi wake wamemshikia kiwanja.

Siku moja akaja afisa wa wizara, Bwana Penitito, kijana nadhifu mwenye viatu vyeusi katika nchi ya mchanga. Aliulizia afya ya mzee. Siku ya pili akaja tena, akaulizia. Siku ya tatu alileta machungwa, akakaa akimtazama Pelenato anavyopumua, kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

"Mzee unaendeleaje?"

"Najitahidi, mwanangu," akasema Pelenato. "Usinikatie tamaa."

Penitito aliona haya, maana alikuwa kijana wa watu, si mbaya. Ndipo mambo yakamwagika. Mwaka uliopita waziri alifungua daraja lisilo na mto, na magazeti yakamcheka mwezi mzima. Safari hii hataki kukata utepe wa makaburi yasiyo na mtu. Anataka walau mmoja. Wizara imezunguka kisiwa kizima, na kila mwenye maiti anasema ya kwake ina mahali. Fagaloto, kwa mujibu wa daktari wa zamu, ndiyo iliyokuwa na tumaini kubwa.

Lagimaina alimwambia machungwa yake ayachukue.

Pelenato hakukasirika. Alifikiri kidogo, akasema kwa nini wasipewe mguu. Uko tayari, umeshatulia, hauna neno, na utarudi kwa mwenyewe wakati wowote. Penitito alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Alikwenda barabarani kwenye mtandao mzuri, akapiga simu mjini, akasimama huko akielezwa na kueleza, kisha akarudi amelowa jasho. Wizara imeshukuru, ila mguu si mtu. Kanuni inataka mwili kamili.

"Basi hata mimi hamnitaki," Pelenato akasema. "Kamili niliacha kuwa mwaka juzi."

Walicheka wote watatu, hata Lagimaina, na hapo ndipo alipoogopa. Aliona kwamba jambo hili linaweza kupita likichekwa.

Aliyekuja baada ya Penitito alikuwa Letuvae, mkuu wa kijiji, binamu yake Pelenato. Alikaa kwenye mkeka miguu ameikunja kwa heshima, akazunguka sana na maneno ya kale ya kuusifu ukoo, mpaka Lagimaina akajua anakuja na kitu kizito. Wizara imeahidi, akasema. Makaburi yakipata mtu wa kwanza, fedha za awamu ya pili zitatoka, na bomba litateremshwa kutoka pale juu mpaka kijijini, bomba kila nyumba. Yasipopata mtu, mradi utahesabiwa umeshindwa na hata lile bomba la juu litafungwa.

"Shemeji, mimi sikuja kama mkuu," akasema. "Nimekuja kama mtu mwenye kiu."

Lagimaina alimuuliza kwa nini asimtoe mama yake, aliyekuwa mzee kuliko Pelenato. Letuvae akainamisha kichwa. Akasema bahati mbaya mama ana afya.

Tangu siku hiyo njia ya kwenda kuchota maji ikawa ndefu. Wanawake walikuwa wakinyamaza Lagimaina anapofika. Fuatino, jirani yake, waliyekua naye pamoja wakafundishwa kusuka mikeka na bibi mmoja, ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kusema. Aliweka ndoo yake chini, akamwambia ana wajukuu wanne ndani na mgongo umekwisha kwa huu mlima. "Dada, wewe unatetea mahali pa kulala mtu mmoja. Na atakuwa amelala, hataona tofauti."

"Mimi nitaiona," Lagimaina akasema.

Alipomsimulia mumewe, alitegemea atatoa utani. Pelenato aliyatazama maua ya mguu wake. Kisha akasema, "Mama Iakopo, mimi nimekunywa maji ya makaburi mwaka mzima. Na wewe ndiye uliyekuwa unayabeba. Mgongo wako nimeuona."

"Mgongo wangu hauhusiki."

"Wakitaka, wanipeleke. Nitakuwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kulala penye taa."

Akamtegea kitendawili cha mwisho, kile kile, ila amekibadilisha: nani ana makaburi mawili? Lagimaina alijifanya anafukuza inzi.

Pelenato alifariki kabla ya sherehe, mchana, kakao yake haijapoa. Penitito alikuja kutoa pole, na alilia kweli, machozi yakimdondokea juu ya viatu vyake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama jeneza la serikali liletwe leo au kesho.

Lagimaina angeweza kukataa. Alilala kando ya mume wake kwenye mikeka laini, watu wakiimba, na jambo moja tu lilikuwa likimzunguka kichwani. Akikataa, kila mwanamke atakayepanda mlima na ndoo atamlaani Pelenato akiwa kaburini kwake, na watoto wao watafundishwa hivyo. Kaburi mbele ya nyumba ambalo kijiji kizima kinalitemea mate, hilo lina raha gani? Asubuhi alimwambia Letuvae wamchukue.

Siku ya ufunguzi jua lilikuwa kali. Bendi ya polisi ilikuwa imeandaliwa kwa sherehe, haijui nyimbo za msiba, kwa hiyo Pelenato alipandishwa mlima kwa muziki wa gwaride, na baadhi ya wazee wakajikuta wanatembea kwa kupiga mguu. Kwenye geti wakasimamishwa. Utepe ulikuwapo, waziri alikuwapo, mkasi umesahauliwa mjini. Wabebaji walisimama na jeneza begani wakati makatibu wanahangaika, mpaka mtu mmoja akatoa panga lake la kufulia nazi. Utepe haukukatika, ulilala tu kwenye makali. Waziri aliukereza kama anayechinja kuku. Katika hotuba alisema makaburi haya sasa yameanza kuishi. Wapiga picha walimwomba Lagimaina asogee kidogo, kivuli chake kinaangukia jeneza.

Alirudi nyumbani akaketi kwenye kaburi la mguu. Hakujua akae wapi pengine.

Bomba halikuteremshwa. Alikuja mtu mwingine wa serikali, wa afya huyu, asiyefahamiana na Penitito ingawa ofisi zao zilikuwa jengo moja. Akaukuta msururu wa ndoo, akashangaa. Akaeleza kwamba sheria hairuhusu watu kunywa maji yatokayo ndani ya makaburi yaliyozikwa mtu. Akafunga bomba kwa kufuli ya chuma, na lile bomba lililokusudiwa kuteremka kijijini likafutwa, kwa sababu lingetokea makaburini pia.

Fuatino alimuuliza mbona mwaka mzima walikunywa.

"Mwaka mzima hapakuwa makaburi, mama," yule mtu akasema kwa upole. "Palikuwa kiwanja."

Hivyo ndivyo Fagaloto walivyompoteza Pelenato na maji kwa pamoja. Taa zilibaki kule juu. Choo cha wageni kilibaki. Geti lilipangiwa siku za kuzuru, na Lagimaina akienda siku isiyo yake, Manuele hushika vyuma vya geti kwa upande wa ndani, anaomba radhi mpaka machozi yanamlenga, anasema bibi, nisamehe, hata mimi sipendi kubaki naye peke yangu. Lagimaina alikuwa mgeni mlangoni kwa mume wake. Basi jioni huketi nyumbani na kuzungumza na mguu. Huuambia Iakopo amepiga simu, kuku ametaga, Letuvae anaona haya kupita njia hii. Hakujua kama mguu unafikisha salamu.

Wanawake walirudi kwenye kisima cha zamani cha pwani, chenye maji ya chumvi nusu. Matumbo yakaanza kuuma nyumba hii na nyumba ile. Mjukuu wa pili wa Fuatino akaishiwa nguvu, akapelekwa hospitali ya ng'ambo ya kisiwa kwa gari, maana boti haina injini. Fuatino alipotoka kumpeleka, alipita kwa Lagimaina, akasimama uani bila hodi.

"Ungekataa," akasema. "Ungekataa kwa nguvu zaidi."

Lagimaina alimtazama. Kulikuwa na maneno mengi ya kumjibu na yote yalikuwa ya haki, lakini aliona vumbi la safari kwenye uso wa mwenzake, akamsogezea mkeka. Fuatino hakukaa. Aliondoka. Mtoto alipona, ila alirudi mwembamba na hachekicheki tena.

Letuvae ndiye aliyesema kwamba kama mtu mmoja amefunga maji, mtu huyo akitoka maji yatafunguka. Waliomba kibali. Penitito aliuliza mjini, akajibiwa haiwezekani, marehemu yumo kwenye picha za waziri na zimeshapelekwa kwa wafadhili. Basi waliacha kuomba.

Walichagua Jumapili, baada ya ibada na chakula cha tanuri la mawe, saa ambazo Fagaloto nzima hulala usingizi mzito wa shibe na mwiko ni mkubwa kushika hata fagio. Manuele alikuwa ameletewa nyama ya nguruwe nono na wanawake. Alizitundika funguo kwenye geti, akaenda nyuma ya choo, akalala kwa bidii zote. Wa kwanza kutia jembe ardhini alikuwa Fuatino. Alichimba bila kumtazama Lagimaina, na Lagimaina alichimba pembeni yake, wanasikilizana pumzi.

Walimteremsha Pelenato bila bendi. Alikuwa mzito kuliko alivyopanda, au wao walikuwa wamechoka. Walimlaza pale mbele ya nyumba, kando ya mguu wake, na mchungaji, ambaye alisema hajaona kitu, alisali akiwa amefumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Jumatatu baraza la wazee likawatoza faini wote waliofanya kazi siku ya Bwana. Letuvae alijitoza mwenyewe kwanza, nguruwe mkubwa, na nguruwe huyo ndiye aliyeliwa kwenye matanga.

Siku hiyo hiyo wanawake wakapanda na ndoo, wakamwita Penitito, wakamwambia makaburi ni matupu, afungue. Penitito alitazama kaburi. Manuele alikuwa amelifukia vizuri na kurudisha majani yake. Aliinama, akayagusa, akainuka. Walimwona anaelewa. Akasema anachokiona yeye ni kaburi la mzee Pelenato. Mzee akiwa hayumo, basi waziri alifungua makaburi yasiyo na mtu, na hilo haliwezekani, kwa hiyo mzee yumo. Na mzee akiwa yumo, bomba halifunguliwi. Aliyasema hayo bila kiburi, ametazama viatu vyake, akaongeza kwa sauti ndogo kwamba ana mke mja mzito na kazi ni hii moja.

Alimaliza kazi yake, kufuli ikabaki. Baadaye wizara iliona kaburi moja lililo peke yake linatia huzuni, ikaleta taa nyingine ya kumulika pale tu. Na mwaka ulipotimia likaletwa shada la maua, kubwa, lenye utepe, likawekwa juu ya shimo lililofukiwa.

Siku shada lilipoletwa ilinyesha. Fagaloto walikuwa wameingoja mvua muda mrefu, na kila mwenye ndoo aliitoa nje. Lagimaina aliziweka zake chini ya mchirizi wa bati, akajifunika turubai, akaketi juu ya mumewe. Watoto waliokuwa wanaoga mvua walipita mbio, mmoja akamwomba kitendawili. Akawategea: nani ana makaburi mawili? Walimjibu kwa pamoja, wala hawakupunguza mwendo. Walikuwa wanakijua siku nyingi.

Fuatino alitokea na ndoo yake tupu. Nyumba yake ilikuwa ya makuti, haina mchirizi. Hakuomba, alisimama tu akilowa. Tangu ile Jumapili walikuwa hawajasemeshana zaidi ya salamu. Lagimaina alisogeza moja ya ndoo zake pembeni, akaiweka ya Fuatino mahali pake, halafu akasogea mwenyewe juu ya kaburi na kuachia nafasi upande wa mlango, ule upande wake.

"Kaa, dada. Hataona tofauti."

Fuatino alikaa. Juu mlimani, kwa sababu ya wingu, taa za serikali zilidhani usiku umeingia, zikawaka zote. Wakazitazama, turubai moja juu ya vichwa viwili, wakisikiliza maji yanavyoingia kwenye ndoo. Mvua ikakatika, ndoo hazijafika nusu.